Bunduki ndani ya valizi: kufuli peke yake haitoshi

Wakaaji wengi wa majimbo yetu wana ndugu Marekani. Kwa miaka kadhaa Kongo ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza kwa hesabu ya wakimbizi waliopokelewa kule, na wengi wao ni watu wa huku mashariki waliopitia kwanza kambi za Uganda, Rwanda, Burundi ao Tanzania. Wakifika, wanakuta desturi moja inayowashangaza: raia wa kawaida ananunua bunduki dukani, anaenda nayo kuwinda, na akisafiri kwa ndege anaiweka ndani ya valizi. Tena kihalali kabisa.

Kwetu sisi, ambao neno bunduki linatukumbusha usiku wa kukimbia na watoto mgongoni, jambo hilo si rahisi kulimeza. Lakini kuna sababu mbili za kulijua. Ndugu asiyejua sheria zile anaweza kupoteza haki yake ya kuishi kule. Na kisha, watu wanaosafiri na bunduki wamefikiria sana namna ya kumzuia mwizi anayefungua mizigo, na yale waliyoyagundua yanamfaa pia mama anayepanda boti Goma kwenda Bukavu na kompyuta ya mtoto wake ndani ya begi.

Sheria inaomba nini

Marekani, kazi ya kukagua abiria na mizigo yao ni ya TSA, idara ya serikali iliyoanzishwa Novemba 2001, miezi miwili baada ya mashambulizi ya 11 Septemba. Kanuni yake juu ya bunduki ni fupi. Bunduki haipandi juu pamoja na abiria. Inasafiri chini, kwenye mizigo iliyoandikishwa. Isiwe na risasi ndani. Iwe ndani ya sanduku gumu lililofungwa kwa kufuli. Na mwenye nayo aitangaze kwa kampuni ya ndege kila mara anapoandikisha mzigo. Tunasema kila mara, maana kutangaza wakati wa kwenda hakumsaidii mtu wakati wa kurudi.

Risasi zinakaa kwenye kisanduku chake cha karatasi ngumu, mbao, plastiki ao chuma, na kampuni nyingi hazikubali zaidi ya kilo 5. Baruti ya unga imekatazwa kabisa.

Pale mezani, mtu anasema kwa sauti ya kawaida kwamba ana bunduki isiyo na risasi. Anapewa kadi ya kusaini, na kadi ile inawekwa ndani ya mzigo. Kisha anaambiwa angoje kidogo. Asiende mbali, maana wakaguzi wakitaka kuangalia ndani ya sanduku watamwita yeye mwenye ufunguo, na asipopatikana valizi haitapanda ndege.

Wanaokosea ni wengi kupita kiasi. Mwaka 2023 peke yake, TSA ilikuta bunduki 6 737 ndani ya mifuko ya mkononi, na karibu 93 kwa 100 zilikuwa na risasi ndani. Wengi wanajitetea kwamba walisahau. Faini inaweza kupita dola 17 000, na polisi wa pale wanaweza kumfunga mtu siku ile ile. Kwa ndugu zetu ambao hawajapata uraia, hatari inaenda mbali kuliko faini: kuhukumiwa kwa kosa la bunduki ni moja ya sababu ambazo sheria ya uhamiaji ya Marekani inataja za kumfukuza mgeni nchini. Anayeishi kule kwa viza ya masomo ao ya matembezi, kwa kawaida sheria inamkataza hata kuwa nayo, isipokuwa kwa nafasi chache kama vile kuwa na kibali cha kuwinda. Rafiki akimwambia "nishikie begi hii kidogo", aulize kwanza kuna nini ndani.

Kufuli ya serikali na kufuli ya mwenyewe

Hapa kuna jambo ambalo hata Wamarekani wengi hawalijui vizuri.

Mwisho wa 2002 serikali yao iliamuru mizigo yote inayoandikishwa ipitishwe kwenye ukaguzi. Abiria aliyefunga valizi kwa kufuli yake alikuta imekatwa. Njo maana tangu 2003 zikauzwa kufuli za aina nyingine, ambazo mkaguzi anazifungua kwa funguo maalum bila kuzikata. Ilionekana ni akili nzuri. Lakini Novemba 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha picha ambamo funguo zile zilionekana wazi, na mwaka uliofuata watu wakachonga nakala zake kwa mashine zinazochapa vitu vya plastiki. Toka pale, kufuli ya aina ile ni kama pazia mlangoni: inamwambia mtu mwema asiingie.

Sanduku la bunduki lina sheria yake. Ufunguo unabaki kwa mwenye bunduki peke yake, isipokuwa mkaguzi akimwomba afungue. Kwa hiyo mtu anaweza kuweka kufuli nzito ya kweli, ile ambayo hakuna mfanyakazi yeyote wa uwanja aliye na funguo yake.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. Bastola ya kupigia mlio wa kuanzisha mbio za michezo, isiyoua mtu, inapakiwa kwa kanuni zile zile za bunduki. Basi wapiga picha fulani kule, waliochoka kuibiwa kamera, wakaanza kuweka bastola moja ya aina ile ndani ya sanduku la kamera zao, wanaitangaza, na wanapata haki ya kufunga kila kitu kwa kufuli nzito. Hatusemi mtu afuate mfano huo. Tunautaja sababu unaonyesha wazi ni wapi ulinzi wa kweli uko ndani ya ndege za Marekani.

Sanduku dogo ndani ya valizi kubwa

Sasa tufike kwenye wizi wenyewe. Kati ya meza ya kuandikisha na tumbo la ndege, valizi inapita kwenye mikono mingi ambayo mwenyewe haioni. Wengi wa watu wale ni waaminifu. Lakini wafanyakazi wa viwanja vya ndege, na hata wakaguzi, wamekwisha kuhukumiwa kule kwa kuiba vitu vya abiria. Mwizi wa namna ile hana muda mrefu. Ana dakika chache, hana vyombo vikubwa, na anaogopa kelele.

Mtu mwenye bastola kwa kawaida hataki sanduku lake lionekane. Analiweka ndani ya valizi kubwa, katikati ya nguo. Hilo linakubaliwa, ingawa ni vizuri kuuliza kampuni ya ndege mapema. Ila hapo njo kosa linapoingia. Sanduku la bastola ni kama Biblia nene. Hata likiwa na kufuli mbili za chuma, mwizi hana haja ya kuzifungua pale pale. Anafungua zipu ya valizi, anachukua sanduku zima, analiweka chini ya koti, anaenda. Nyumbani ana nyundo, ana msumeno, ana usiku mzima. Kufuli imezuia kitu kisifunguliwe. Haikuzuia kisibebwe.

Na zipu ya valizi isimdanganye mtu. Ukiichoma kwa ncha ya biki ya kawaida, meno yake yanaachana. Kisha ukivuta vile vichwa vya zipu vilivyofungwa pamoja, ukavipitisha kwenda na kurudi, inajifunga tena kama hakuna kilichotokea. Mwenye mzigo anafika nyumbani na kufuli yake iko mahali pake, nzima, na ndani hakuna kitu.

Dawa yake ni kamba ya chuma. Tunasema kamba ya nyuzi za chuma zilizosokotwa na kuvikwa plastiki, kama ile ya breki ya baiskeli lakini nene zaidi. Ndani ya valizi ya magurudumu, chini ya kitambaa, kuna mabomba mawili ya chuma yanayobeba mshikio ule unaovutwa juu. Valizi nyingi zina zipu ndogo kwenye kitambaa ile, kwa ajili ya fundi. Unaifungua, unapitisha kamba nyuma ya mabomba yale, unairudisha, unaipitisha kwenye mshikio ao tundu la sanduku, unafunga. Kuanzia hapo sanduku na valizi ni kitu kimoja. Mwizi akifungua zipu, anakuta sanduku halitoki. Lazima akate, ao abebe valizi nzima yenye kilo 20 na karatasi ya namba mbele ya wenzake wote.

Mambo madogo yanaharibu kazi hiyo. Kamba ikipitishwa kwenye kitambaa tu, ao kwenye mkanda wa kubana nguo, kisu kidogo kinamaliza. Ikipitishwa kwenye mshikio wa sanduku wakati mshikio wenyewe umebanwa kwa vipini viwili vya plastiki, mwizi anavunja mshikio na sanduku linatoka. Yale masanduku yaliyotengenezwa kwa kazi hii yana tundu ndani ya ukuta wa chuma, ao kamba yake inabanwa na kifuniko chenyewe likifungwa. Na kamba isiwe fupi mno: mkaguzi akimwita mwenyewe, sanduku lifunguke bila kuondoa nguo zote juu ya meza. Ikiwa ndefu mno nayo, sanduku linatoka nje ya valizi na mwizi anapata nafasi ya kulichokoa. Urefu wa mkono mmoja unatosha. Kabla ya kutoka nyumbani, mtu ashike sanduku kwa mikono miwili, avute kwa nguvu kama mwizi.

Sanduku lenyewe nalo liangaliwe. TSA inaonya kwamba lile la plastiki linalotoka dukani pamoja na bunduki huenda lisitoshe kwa safari ya ndege. Shida yake mara nyingi ni pembe. Ukilifunga kwa kufuli moja katikati, mtu anashika pembe moja, anainua kifuniko, anapenyeza vidole. Sheria inasema sanduku linaloweza kufunguliwa kirahisi halikubaliwi, hata likiwa na kufuli. Njo maana matundu mawili yanafungwa kwa kufuli mbili, na kila tundu linalobaki wazi ni swali la mkaguzi.

Wengine wanatumia ile kamba nyembamba inayotolewa pamoja na bastola. Tangu sheria ya 2005, muuzaji mwenye kibali haruhusiwi kumpa mnunuzi bastola bila chombo cha kuifunga, na mara nyingi chombo hicho ni kamba ya chuma ya bei ndogo. Kazi yake ya kwanza ni kupita ndani ya bunduki yenyewe ili mtoto asiweze kuifyatua. Kwa kufungia sanduku, ni afadhali kuliko bure. Lakini kamba ya milimita 4 ao 5 inakatwa na mkasi wa kukatia chuma kwa muda mfupi sana. Atakayesema kamba hiyo inazuia kila mwizi anadanganya. Inamzuia yule wa dakika tatu asiye na mkasi, na ndiye anayepatikana zaidi kwenye mizigo.

Kwa yule anayebeba valizi nzima, kuna namba ya bunduki. Iandikwe, ipigwe picha, ibaki kwenye simu. Bunduki ikipotea, polisi bila namba ile hawana cha kuingiza kwenye mashine zao za utafutaji. Tangu 2021 watu wengi pia wanaweka ndani ya sanduku kile kifaa kidogo cha duara cha Apple kinachoonyesha kwenye simu mahali kitu kilipo.

Usimwambie mwizi

Kuna jambo moja ambalo Wamarekani walilielewa mapema. Zamani kampuni za ndege zilikuwa zinaweza kubandika nje ya mzigo alama inayosema ndani kuna bunduki. Nia ilikuwa usalama, lakini alama ile ilikuwa tangazo kwa mwizi. Sheria ya Brady ya 1993, ambayo watu wanaikumbuka kwa mambo mengine kabisa, ilikataza kampuni za usafiri kuweka nje ya mzigo maandishi yanayoonyesha kuna silaha ndani.

Baada ya hapo wenye bunduki wenyewe wakaendelea kufanya tangazo lile bure. Mtu anabandika kwenye valizi alama za kampuni za bunduki, za chama cha wawindaji, za duka la risasi. Bunduki ndefu ya kuwinda ina shida zaidi, maana haiingii kwenye valizi ya kawaida na sanduku lake linajulikana toka mbali. Wengine wananunua masanduku yenye umbo la gitaa. Hayo ni mambo yao.

Pale mzigo unaporudi mkononi

Wizi si hatari peke yake. Tarehe 6 Januari 2017, mtu mmoja alitoka Alaska kwa ndege mpaka Fort Lauderdale, Florida, na mzigo wake wa pekee ulioandikishwa ulikuwa sanduku la bastola, limetangazwa na kufungwa vizuri. Alipolipokea, aliingia chooni, akaweka risasi, akatoka akaua watu watano pale pale wanapopokelea mizigo. Kanuni zote za upakiaji zilikuwa zimefuatwa. Tangu siku ile, kampuni fulani za ndege hazitoi tena mizigo hiyo kwenye mkanda pamoja na mingine. Mwenyewe anaifuata ofisini na kitambulisho, na pengine inakuwa imekazwa kwa mikanda ya plastiki.

Kisa kingine ni cha sheria. Mwaka 2005, mtu wa jimbo la Utah alikuwa anasafiri kwenda Pennsylvania na bastola iliyofungwa kama inavyotakiwa. Akakosa ndege ya kuunganisha kule Newark, jimbo la New Jersey. Akapewa valizi yake, akalala nayo hotelini. Kesho yake asubuhi akaitangaza bastola kwa unyofu, na polisi wakamkamata, maana New Jersey inaomba kibali chake. Alikaa gerezani siku kadhaa. Mashtaka yaliondolewa, lakini alipowashtaki waliomkamata, korti ya rufaa mwaka 2010 ilisema hapana: sheria inayomlinda msafiri anayepita jimbo inataka bunduki isiwe mahali anapoweza kuifikia, na usiku ule alikuwa nayo mkononi. Wanaojua sheria kule wanashauri kwamba ndege ikipotoka na kutua New York ao New Jersey, mtu asiipokee valizi ile. Aombe kampuni iibakishe mpaka safari iendelee.

Na huku kwetu

Ndugu anayekuja kutembea asifikiri kadi ya uwanja wa Marekani inavuka bahari. Haivuki. Nchi anayopita, iwe Ethiopia, Kenya, Uganda ao Rwanda, ina sheria yake, na mzigo ukitolewa pale kwa sababu ndege imechelewa, yeye ndiye atakayejibu. Kwetu Kongo, silaha na risasi zinaongozwa na sheria n° 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na raia hana haki ya kuwa nayo bila ruhusa ya serikali. Zaidi ya hapo, tangu Julai 2003 kuna azimio 1493 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, lililokataza kupeleka silaha kwa vikundi vinavyopigana Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Mtu anayekamatwa mpakani na bastola ndani ya valizi hatakuwa mbele ya swali la kampuni ya ndege. Atakuwa mbele ya wanajeshi.

Ni kamba tu ambayo inaweza kuvuka bila shida. Kwenye boti za ziwa Kivu, kwenye basi ya Butembo kwenda Bunia, mizigo inapangwa mbali na mwenyewe, na wengi wetu tunategemea kufuli ndogo ya zipu. Kompyuta, pesa za biashara, makaratasi ya shamba, vyote vinaweza kukaa ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa kwenye mabomba ya valizi kwa namna ile ile. Kwenye begi la mgongoni lisilo na mabomba, kamba inapitishwa kwenye mguu wa kiti kilichokazwa kwa bulon, na abiria anakaa juu yake. Simu na pesa ndogo zibaki mwilini. Na ufunguo usiwekwe kwenye mfuko wa nje wa valizi ile ile, kama tunavyoona kila siku.